Kumfunga kizazi dada mwenye ulemavu wa akili: sayansi ile ilisema nini, na ilimficha nani

"Dada yangu ana miaka 21. Alipokuwa na miaka miwili aliugua malaria kali, akapata degedege, na tangu hapo akili yake haikukua kama ya wenzake. Anafua, anachota maji, anawajua watu wote mtaani, ila kusoma hawezi na hela zinamchanganya. Mwaka jana alisumbuliwa na jirani mmoja, mambo yakamalizwa kifamilia. Sasa wazee wamekaa kikao. Baba mkubwa anataka afungwe kizazi, kisha apelekwe kituo kimoja mkoa mwingine kinachotunza watu kama yeye. Anasema hata Wazungu walifanya hivyo, tena kisayansi, ndiyo maana kwao watu wa aina hii ni wachache. Mimi nilidhani hayo yalikuwa ya Hitler tu. Nani yuko sahihi? Halafu natarajia kuoa, na upande wa mchumba wameanza kuulizia kama ukoo wetu una ugonjwa wa akili. Niwajibu nini?"

Ndugu yangu, nianze na baba mkubwa, kwa sababu nusu ya anayosema ni kweli, na ni nusu inayoniuma mimi binafsi. Wazungu walifanya hivyo. Waliofanya hawakuwa wahuni. Walikuwa maprofesa, majaji na madaktari, wakiwemo wengi wa taaluma yangu, madaktari wa magonjwa ya akili. Nikifundisha historia ya tiba, kipindi hiki ndicho wanafunzi huandika kidogo na kuinamisha macho zaidi.

Neno lenyewe, yujeniki, lilibuniwa mwaka 1883 na Mwingereza Francis Galton, binamu yake Charles Darwin. Wazo lake analielewa yeyote aliyewahi kufuga: dume zuri unaliacha lipande, dhaifu unalihasi. Akauliza, kwa nini tusifanye hivyo kwa watu? Hitler alikuwa bado kijana wa Austria asiyejulikana na mtu wakati jimbo la Indiana, Marekani, lilipopitisha sheria ya kuwafunga kizazi watu kwa lazima, mwaka 1907. Majimbo mengine yakafuata hadi yakapita 30, na Wamarekani zaidi ya 60,000 wakafungwa kizazi, California peke yake takriban 20,000. Sweden, inayosifiwa kwa kujali watu wake, ilikuwa na sheria ya namna hiyo kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1970. Watu wapatao 63,000 walipita chini yake, wengi wanawake, na wengi ridhaa yao ilikuwa ya jina tu.

Kwa hiyo Wanazi walipotunga sheria yao Julai 1933 njia ilikuwa imeshafyekwa. Sheria hiyo ilifanana sana na ile ya mfano iliyoandikwa na Mmarekani Harry Laughlin, na mwaka 1936 chuo kikuu cha Heidelberg kikamtunuku shahada ya heshima. Ujerumani ilifunga kizazi watu wapatao 400,000. Kisha ikaenda mahali ambapo wengine hawakufika: kati ya 1940 na Agosti 1941 wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu wapatao 70,000 waliuawa kwa gesi katika vituo sita, Hadamar kikiwa kimojawapo, na baada ya hapo mauaji yakaendelea kwa njaa na sindano hadi vita vinaisha. Waliopelekwa walitolewa kwenye hospitali na nyumba za kutunzia walemavu, walikokuwa wamepelekwa na familia zao. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye habari ya kituo.

Na isidhaniwe kwamba mambo haya yalibaki ng'ambo. Mwaka 1933 walowezi wa Nairobi waliunda chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Kinara wake alikuwa Dr. Henry Laing Gordon, aliyekuwa akihudumu hospitali ya akili ya Mathari. Yeye na mwenzake F. W. Vint, aliyepima bongo za maiti za Waafrika, walidai kwamba ubongo wa Mwafrika haukukomaa, kwa hiyo serikali ijiulize mara mbili kabla ya kuwasomesha. Waliomba fedha London za kuendeleza utafiti, wakanyimwa. Mwambie baba mkubwa hivi, kwa heshima yake: kwa kipimo cha wataalamu anaowataja, yeye mwenyewe na babu zake waliwekwa kundi moja na binti huyu.

Sasa nikusimulie kisa kimoja tu kwa urefu, maana kinafanana na barua yako kuliko unavyodhani.

Carrie Buck alizaliwa mwaka 1906 huko Charlottesville, Virginia. Mama yake, Emma, alikuwa fukara asiye na mume nyumbani, na Carrie akachukuliwa na familia nyingine akiwa mdogo. Alisoma hadi darasa la sita, akafaulu kila mwaka, na mwalimu mmoja aliandika kwamba tabia na masomo yake ni mazuri sana. Wale walezi wakamtoa shule ili afanye kazi za nyumbani. Akiwa na miaka 17 akapata mimba. Alieleza baadaye kwamba alibakwa na mpwa wa walezi wake. Walezi hawakwenda polisi kumshitaki kijana wao. Walikwenda mahakamani kumshitaki Carrie, kwamba ana akili dhaifu, na mwaka 1924 akapelekwa kwenye taasisi ya jimbo iliyoitwa Koloni ya Wenye Kifafa na Wenye Akili Dhaifu, karibu na mji wa Lynchburg. Mama yake alikuwa humo tayari.

Mkuu wa koloni, Dr. Albert Priddy, alikuwa akiwafunga kizazi wanawake kabla hakujawa na sheria yoyote. Mwaka 1917 mwanamke mmoja, Willie Mallory, alimshitaki. Priddy alishinda, lakini aliogopa. Akatafuta sheria ya kumlinda, akaipata Machi 1924, kisha akatafuta kesi ya kuijaribu sheria hiyo hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Carrie alimfaa: mama yumo, binti yumo, na kichanga Vivian kipo. Kikikutwa na kasoro, vinatimia vizazi vitatu. Mtumishi wa ustawi wa jamii akamtazama mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka, akaiambia mahakama kwamba ana mwonekano usio wa kawaida. Basi, huo ndio ulikuwa uchunguzi. Wakili wa Carrie, Irving Whitehead, alikuwa mjumbe wa zamani wa bodi ya koloni hiyo hiyo na rafiki wa wakili wa upande wa pili, na hakuita shahidi hata mmoja wa kumtetea.

Mwaka 1927 majaji 8 kati ya 9 waliamua dhidi yake. Jaji Oliver Wendell Holmes, anayeheshimiwa hadi leo kwa mengine, aliandika kwamba sheria inayoruhusu kumchanja mtu kwa lazima inatosha pia kumkata mirija ya uzazi, na kwamba vizazi vitatu vya mazezeta vimetosha. Mpinzani alikuwa mmoja, Pierce Butler, na hakuandika sababu zake. Oktoba mwaka huo Carrie akafungwa kizazi, kisha akaachiwa kwenda kuwa mtumishi wa ndani. Aliolewa, akaishi hadi 1983, na waliomfahamu uzeeni walimkuta anasoma gazeti kila siku. Vivian alikufa kwa maradhi mwaka 1932 akiwa na miaka minane. Mwaka mmoja kabla ya hapo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanafunzi bora wa shule yake.

Carrie alikuwa na mdogo wake pia, Doris, aliyefungwa kizazi mwaka 1928. Yeye aliambiwa anaondolewa kidole tumbo. Alikaa na mumewe miaka na miaka wakitafuta mtoto, na ukweli akaujua akiwa ameshazeeka, karibu mwaka 1980. Virginia iliomba radhi rasmi 2002, na 2015 ikakubali kulipa dola 25,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Hukumu yenyewe haijawahi kutenguliwa waziwazi.

Ukiangalia vizuri, katika kesi nzima mtu mmoja hakuitwa: aliyembaka. Faili lilijaa habari za akili ya binti, damu ya mama na sura ya kichanga, na lilipojaa yeye akawa hana pa kuandikwa.

Narudi kwenye barua yako. Kuna sentensi umeipita haraka: "Alisumbuliwa na jirani mmoja, mambo yakamalizwa kifamilia." Baada ya hapo ndipo kikao kikakaa, na ajenda ya kikao ikawa kizazi cha dada yako. Jirani hayumo kwenye ajenda. Kwetu neno "kusumbuliwa" hubeba mengi, nami sijui lilibeba nini safari hii, lakini wewe unajua au unaweza kujua. Kufunga kizazi hakumzuii mtu kumwingilia binti wa watu. Kunaondoa mimba tu, na mara nyingi mimba ndiyo kitu pekee kinachofanya watu wazima waulize nani. Binti aliyefungwa kizazi, asiyeweza kujieleza vizuri, na mtaa mzima ukijua kwamba amefungwa, yuko hatarini zaidi ya alivyokuwa jana.

Nadhani wazee wako hawana nia mbaya. Wengi wanaokuja kliniki na ombi hili wana hofu mbili zilizofungwa kitambaa kimoja: nani atalea mtoto, na nani atamsafisha siku za hedhi. La pili ni rahisi kulijibu, kufunga kizazi hakusimamishi hedhi. La kwanza ni hofu ya haki na nitalirudia.

Kwanza tumalize la kurithi, maana ndilo linalowasumbua na wakwe zako. Ulemavu wa dada yako, kama historia ni hiyo uliyoandika, ulitokana na malaria iliyopanda kichwani. Haumo kwenye damu ya ukoo, kama vile kovu la kuungua lisivyomo. Huku kwetu sababu nyingi ni za namna hiyo: mtoto kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, mama kukosa madini joto wakati wa ujauzito. Hata mtoto mwenye Down, hali ya kuzaliwa nayo ambayo tofauti yake iko kwenye kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, mara nyingi hakurithi kwa mtu. Watu wa yujeniki walichukua vyanzo hivi vyote, wakaongeza umaskini, utovu wa shule na mimba za nje ya ndoa, wakaviita kitu kimoja, "akili dhaifu", wakasema kinashuka kwa damu.

Hata penye urithi wa kweli hesabu yao ilikuwa haifai, na mtaalamu wa sayansi ya urithi, Reginald Punnett wa Cambridge, alipiga hesabu za aina hiyo mapema, mwaka 1917. Chukua ualbino. Makadirio yanayotajwa sana Tanzania ni mtu 1 kati ya 1,400. Ili mtoto azaliwe nao lazima apate chembe ya urithi kwa baba na kwa mama, na kwa kiwango hicho takriban mtu 1 kati ya 19 kati yetu ameibeba pasipo kujua. Pengine mimi, pengine wewe, pengine mchumba wako. Ndiyo maana watoto wengi wenye ualbino huzaliwa na wazazi weusi kabisa. Sasa tuseme, Mungu apishie mbali, kila mwenye ualbino azuiwe kuzaa kuanzia leo, kizazi hadi kizazi. Ingechukua vizazi 15 hivi, karibu miaka 400, idadi ipungue nusu. Ukatili wote huo, na mjukuu wa kitukuu chako asingeona tofauti.

Kilichopunguza baadhi ya ulemavu Ulaya na Marekani ni wakunga, chanjo, chumvi yenye madini joto, na tone la damu linalochukuliwa kisiginoni mwa mtoto mchanga ili hitilafu fulani igunduliwe mapema. Mojawapo ya hitilafu hizo ni ya kurithi kabisa, na bado mtoto akipewa mlo maalumu tangu wiki za mwanzo, akili yake hukua vizuri. Kwa hiyo wakwe zako uwajibu kifupi: dada aliugua malaria utotoni. Usimfiche siku wakija posa. Ukimfungia chumba cha uani siku hiyo, wao watahesabu kwamba mna la kuficha, na yeye atahesabu jambo lingine.

Kuhusu kituo. Vituo vya mwanzo havikujengwa kwa chuki. Mwaka 1848 Samuel Gridley Howe wa Boston alifungua shule ya watoto wenye ulemavu wa akili akiwa na nia njema: wafundishwe kula, kuvaa, kazi ya mikono, kisha warudi kwao. Kilichoharibika kilikuja polepole. Familia nyingi hazikuwa na uwezo wa kuwapokea tena. Waliofundishika wakawa ndio wafuaji, wapishi na wakulima wa kituo bila mshahara, na mkuu wa kituo asingependa kuwaachia. Vituo vikasogezwa mbali na mji, kwa maelezo ya hewa safi na mashamba, na kadiri vilivyokuwa mbali ndivyo ndugu walivyopunguza kwenda. Yujeniki ilipofika ilikuta kuta zimeshasimama. Ikaongeza sababu ya kutowatoa.

Kituo cha Willowbrook, New York, kilijengwa kwa watu 4,000. Kufikia 1965 walikuwa wamepita 6,000. Ufunguo wa wodi mwandishi Geraldo Rivera aliupata kwa daktari aliyefukuzwa kazi, akaingia na kamera mwaka 1972, na taifa likaona watoto uchi sakafuni, wamejipaka kinyesi, mhudumu mmoja kwa makumi. Wazazi walikuwa wakilalamika miaka yote hiyo. Palifungwa 1987.

Sisemi kila kituo ni Willowbrook. Nawajua masista na walimu wanaofanya kazi ya kutukuka, na kituo cha kutwa ambako dada yako angekwenda asubuhi kujifunza ushonaji au kilimo na kurudi jioni ningekiunga mkono kesho. Lakini mlichokisema ninyi ni kulala huko, mkoa mwingine, moja kwa moja. Yeye anajua watu wote mtaani, umesema. Huo ndio ulinzi wake mkubwa na ndiyo elimu yake. Kabla hamjakubali, mtu wa familia aende bila taarifa, siku ya kazi, si siku ya wageni. Aulize nani analala na wasichana usiku, aulize ni wangapi waliorudi makwao mwaka uliopita. Akijibiwa kwamba ndugu hawaruhusiwi kuja miezi ya mwanzo "ili azoee", mrudi naye nyumbani.

Sasa ile hofu ya haki, mimba. Ni jambo la kuzungumza na yeye mwenyewe, kwa maneno mepesi, zaidi ya mara moja. Wanawake wengi wenye ulemavu wa akili wa kiwango unachoeleza wanaelewa mtoto anatoka wapi wakielezwa bila aibu, na wanaelewa kwamba mwili ni wao na wanaweza kupiga kelele. Kama anataka kuzuia mimba kuna njia zisizo za kudumu: sindano ya miezi mitatu, kijiti, lupu. Mwulizeni daktari kama bado anatumia dawa za degedege, maana baadhi yake, kama fenobabitoni na kabamazepini, hupunguza nguvu ya vidonge na kijiti. Siku moja yeye mwenyewe anaweza kuamua kufunga kizazi, kama wanawake wengine waamuavyo, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni saini ya baba mkubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na kutunga sheria yake 2010, unasema wazi kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kubaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine. Daktari akikubali kufanya kwa kuambiwa na wazee tu, muulizeni kwa maandishi anafanya kwa ridhaa ya nani.

Haya hayatoshi kusomwa tu, inabidi mtoke. Mpelekeni kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, apimwe upya akiwa mtu mzima. Pengine hajapimwa tangu utotoni. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aweza kukaa kwenye kikao kijacho cha ukoo, na mara nyingi wazee humsikiliza mgeni mwenye kofia ya serikali kuliko mtoto wa nyumbani. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, linaweza kuwakutanisha na wazazi waliopita njia hii.

Lakini vyote hivyo vinaweza kusubiri wiki mbili. Kisichosubiri ni jirani. Mwaka mmoja kupita hakuifuti jinai, na kumalizana kifamilia hakuifuti pia. Muulize dada yako, ukiwa na mwanamke anayemwamini, mkiwa faraghani, bila kumwekea maneno mdomoni, kama yule mtu ameendelea. Mkielezwa kwamba ndiyo, nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, mchukue fomu ya PF3. Na kama ni jambo la siku hizi tatu zilizopita, hospitali kwanza, leo hii, kwa sababu dawa ya kuzuia VVU inataka ianzwe ndani ya saa 72 na ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Msimwogeshe kabla, na nguo alizovaa mzibebe kwenye mfuko wa karatasi.

Mkifika, maswali aulizwe yeye. Atachukua muda kujibu. Msimjibie.